Aliyemchora Mama Mkwe

Nairobi,
9 Machi 1964

Kwako shangazi yangu, Senge Teresa, Mukumu,

Tumsifu Yesu Kristu. Mwanao wa kulea ni mzima, ila mafua ya Nairobi hayaniachi. Asubuhi baridi inauma masikio na mchana jua halina huruma. Natumaini mikono yako haijapasuka tena kwa ile sabuni ya hospitali. Wasalimu wote wa chumba cha kufulia, hasa yule anayeimba. Nasikia huko mvua imeanza. Huku hata wingu hatujaona.

Nimeacha kazi ya kuandika majina ya maduka. Sasa niko mahali wanapotengeneza sinema ya katuni, yaani picha za kuchorwa ambazo zikipitishwa mbele ya taa zinatembea. Serikali imeagiza moja ya kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa, na gari la sinema litaizungusha nchi nzima. Mchoraji mkuu ni Kibiwott, Mnandi, kijana kuliko mimi na ana kipaji cha ajabu. Yeye huchora haraka haraka kwa penseli, halafu ananiachia mimi kusafisha na kumaliza. Nitakueleza vizuri siku nyingine.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni Kageha. Januari ijayo anafaa kuanza darasa la kwanza. Tangu mamake afariki mwaka juzi amelelewa Bukura na bibi yake, Mama Jael, na sina neno baya juu ya malezi hayo. Lakini mimi ni baba yake, na nilipokuja mara ya mwisho nilimsikia akiniita "yule wa Nairobi". Iliniuma sana. Nimepata nyumba ya vyumba viwili. Jirani yangu ni Zuena, mke wa Usman, watu wa Mumias, na watoto wao wanasoma shule iliyo ng'ambo ya barabara. Amekubali kumwangalia mpaka nitoke kazini.

Wajua siwezi kwenda kuketi mbele ya mama mkwe nikaongea naye. Wewe ndiwe dada wa marehemu baba, na maneno ya namna hii hupita kwa shangazi. Nenda ukaniombee mtoto wangu.

Mimi mwanao,
Chrispinus Shitanda


Mukumu,
6 Aprili 1964

Chrispinus mwanangu,

Milele amina, ingawa naona umejaza salamu za kanisa na najua Jumapili unalala. Sisi hapa tunaishi. Ng'ombe amezaa ndama jike, mwenye doa jeupe usoni. Yule anayeimba bado anaimba, na bado hajui kuimba. Mikono yangu iache tu, imeshazoea.

Bukura nilikwenda Jumamosi. Nilivaa viatu. Jael alinichinjia ingokho, kuku wake mwenyewe, akasonga obusuma, tukala hadi tukamaliza bila kutaja kilichonileta, maana mtu hafiki kwa wakwe akaanza kudai kabla ya kunawa mikono. Kageha amerefuka, magoti yote nje ya gauni. Anajua kusoma maandishi ya magunia ya mbolea kwa sababu wanaishi karibu na chuo cha kilimo, na alinisomea yote, hata tarehe.

Chai ilipokuja ndipo nilipolitoa neno lako. Jael si mtu wa kupayuka. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, halafu akasema, "Teresa, mtoto siyo yangu, hiyo najua. Lakini mimi nilitoa Musimbi nikabaki na huyu. Sijakataa. Nataka tu nione hiyo kazi yake ni kazi ya namna gani. Mwanaume mzima anashindanga Nairobi kuchora watu? Hiyo inaweza kusomesha mtoto?" Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akasema serikali nayo ni mpya, tutaona.

Kwa hiyo mlango haujafungwa. Nieleze hiyo kazi ili nami niweze kuieleza, maana niliulizwa picha inatembeaje nikajifanya nakohoa.

Halafu nina langu moja. Barua nzima umemwita "mamake" tu. Alikuwa na jina, na tulipomzika hatukuzika jina. Ni Musimbi.

Senge wako,
Teresa


Nairobi,
14 Juni 1964

Senge mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Kazi imetubana hata Jumapili, kwa hiyo kuhusu kulala umenionea kidogo. Hongera kwa ndama. Usman alipatwa na malaria lakini amepona, na Zuena anakuletea asalaam aleikum, ingawa nilimwambia wewe ni mtu wa rozari.

Mama Jael akiuliza, mweleze hivi. Kibiwott anachora bibi mmoja mzee yuko kwenye chemchemi na mtungi. Halafu anachora bibi huyo huyo yuko mlangoni pake. Basi, yeye amemaliza, anawasha sigara. Katikati ya chemchemi na mlango kuna kilima kizima, na kilima hicho ni changu. Naweka karatasi yake juu ya meza ya kioo yenye taa chini, naweka nyingine juu yake, nachora bibi amesogea kidogo. Halafu nyingine, amesogea tena. Nikizishika zote pembeni na kuziachia haraka kwa kidole gumba, ndipo naona kama anatembea au anasukumwa tu kama kabati. Mara nyingi huwa ni kabati. Nafuta, naanza upya.

Penseli ya Kibiwott ina mistari mingi. Mkono mmoja wa bibi unaweza kuonekana kama mitano, kwa sababu yeye bado anatafuta. Mimi siruhusiwi kutafuta. Lazima nichague mstari mmoja niufuate kwa wino juu ya plastiki angavu. Wenzangu wanapaka rangi upande wa nyuma ili wino usiguswe, na mwishowe kamera inapiga kila plastiki peke yake. Nikichagua mstari vibaya, bibi anatetemeka kwenye kitambaa cheupe cha sinema. Kibiwott husema picha ikiwa bado ya penseli inaweza kuwa mtu yeyote, lakini ikishasafishwa inakuwa mtu mmoja tu. Maneno hayo nimeyafikiria sana.

Bibi huyu alinishinda kwa muda mrefu. Kibiwott akaniambia nitembee mwenyewe mbele ya kioo na debe kichwani. Nikatembea, nikachora nilichokiona, na kwenye karatasi akatoka bibi anayetembea kama polisi. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Sasa amepatikana. Anatembea, Senge, anatembea kabisa. Ukiniuliza nilimpata wapi, nitasema nilimpata tu.

Gari la sinema litafika Kakamega mwezi wa Agosti. Nenda ukaone. Ukiweza mchukue na Mama Jael, aione hiyo kazi yangu kwa macho yake, kisha umwulize tena habari ya Kageha.

Mwanao,
Chrispinus


Mukumu,
24 Agosti 1964

Chrispinus,

Sisi ni wazima. Ndama ni mzima. Paa la jikoni linavuja. Sasa kaa chini.

Gari la sinema lilifika mjini Ijumaa wakatundika kitambaa cheupe uwanjani. Mimi nilikuwa nimewatangazia watu wote, kuanzia masista hadi wauza ndizi wa Khayega, kwamba mwenye picha hizo ni mtoto wangu. Jael nilimfuata Bukura mwenyewe, nikamleta kwa mkono wangu huu, tukaketi mbele kabisa, mimi na yeye na mwanawe Bramwel. Kageha tulimwacha kwa jirani kwa sababu ya baridi, na namshukuru Mungu kwa baridi hiyo.

Bibi akatokea na mtungi wake. Watu wakashangaa, kwa sababu kweli anatembea, hukusema uongo. Akaanza kuteremka kwenda kwenye chemchemi, nami nikaona kitu, nikasema moyoni, hapana. Nyuma yetu mwanamke mmoja wa Bukura akasema, "Mama yangu! Huyo siyo Jael?" Mwingine akamjibu, "Ni yeye kabisa, ona vile anavutanga huo mguu." Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unaita, "Jael! Jael!" na watu wanacheka hadi kushikana mabega.

Hapo bado tungevumilia. Lakini bibi alifika kwenye chemchemi, Chrispinus, akainama kuchota maji, na sisi watazamaji tulikuwa tumewekwa nyuma yake. Mgongo wa mama mkwe wako ukubwa wa nyumba, juu ya kitambaa cha serikali, na kila mtu anajua aliyeuchora ni nani kwa sababu mdomo wangu ulikwisha kuwaambia.

Vicheko vilikatika mara moja. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba vilikatika. Mzee mmoja alitema mate chini. Jael alivuta leso akajifunika uso, akaondoka katikati ya watu, nao wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

Wewe uliyefundishwa kuingia kwenye mahindi yeye akitokea njiani! Wewe usiyeweza kumpa mkono wala kula naye chumba kimoja! Ulisimama wapi ukamtazama mpaka ukaijua kila hatua yake? Watu ndivyo wanavyouliza. Hakuna anayesema picha ni mbaya. Wanasema ni nzuri mno, na kwamba mtu hawezi kumchora mwenzake hivyo bila kumtazama siku nyingi.

Bramwel alikuja kwangu Jumapili. Nilimpa kiti hakuketi. "Mama anajifungianga ndani siku hizi," akasema. "Shemeji atoe kondoo ya kuosha hiyo aibu. Na mtoto haendi Nairobi. Mtu hana heshima kwa mama yangu, nitampatia mtoto wa dada yangu ya nini?"

Nijibu wewe.

Teresa


Nairobi,
10 Septemba 1964

Senge mpendwa,

Barua nimepata. Poleni kwa paa. Mimi ni mzima.

Nakuomba uwaeleze wakwe kwamba mimi sikumchora Mama Jael. Kule kuinama ni kwa Kibiwott. Alivyochora yeye ndivyo nilivyosafisha, naye hakujua bibi huyo atageuka kuwa mkwe wa mtu. Mimi nilifanya mwendo tu. Wazee hufanana mwendo.

Kondoo nitatoa. Lakini mtoto wasininyime, Senge. Nakuomba, mtoto wasininyime.

Chrispinus


Mukumu,
11 Oktoba 1964

Mwanangu,

Hapa tunaendelea na mvua. Masista wameleta mashine ya kukamulia shuka, inapiga kelele kuliko yule mwimbaji, kwa hiyo sasa tumepumzika kwa upande huo.

Barua yako nimeisoma mara moja ikatosha. Wazee hufanana mwendo! Mimi nimefua shuka za wagonjwa tangu vita vya Hitler. Wazee hupita dirishani kwangu wakienda na kurudi, na sijaona wawili wanaotembea sawa. Usinidanganye mimi niliyekushika mikono ulipokuwa unajifunza kusimama.

Bukura sikuipeleka. Ningeipeleka, Jael angesema juu ya aibu umeongeza uongo. Bramwel amekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu wa huko, na Januari mtoto ataandikishwa kwao. Ukimkosa mwaka huu umemkosa, kwa sababu mtoto akishazoea shule na marafiki hakuna atakayekubali kumng'oa. Kageha mwenyewe aliniuliza kama ni kweli baba yake ni mtu mbaya. Nilimwambia baba yako ni mtu wa kunyamaza. Akaniuliza kama hiyo ni dhambi. Nilimwambia ni karibu.

Nakujua. Matanga ya Musimbi hayajaondolewa, wewe ulichukua brashi ukaenda kupaka rangi duka la mtu pale Khayega, na watu wakasema huna moyo. Sikukugombeza kwa sababu nilikuona mkono unavyotetemeka. Lakini Jael hakuuona mkono huo, naye ndiye unayemhitaji. Niandikie kitu ninachoweza kukibeba.

Ndama amekufa. Sikutaka kukuambia mwanzoni mwa barua.

Senge wako,
Teresa


Nairobi,
15 Novemba 1964

Senge,

Pole sana kwa ndama. Zuena amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina Ismael, na kilio chake kinapita ukutani hadi kwangu. Wapangaji wengine wanalalamika. Mimi nakipenda.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nimeanza kuijibu na kuchana, nimeanza tena na kuchana.

Ni Musimbi. Yule bibi ni Musimbi. Haya, jina nimeliandika.

Baada ya kumzika nilianza kupoteza sura yake. Ile picha moja tuliyopigwa mjini ilimmeza. Nikijaribu kumkumbuka naiona picha, ameketi kwenye kiti cha watu amekaza shingo, na hakuwa hivyo hata siku moja. Sauti nayo ikaenda. Niliogopa kumwambia mtu yeyote, kwa sababu ni aibu mume kumsahau mke upesi namna hiyo. Ndiyo maana jina lake silitaji. Nilikuwa nikilitaja simwoni mtu.

Halafu Kibiwott akanipa kile kilima. Nilikuwa nimeshindwa, kama nilivyokueleza. Mchana mmoja nilichoka, nikaacha kufikiri, nikauacha mkono uchore unavyotaka. Nilipozishika karatasi pembeni na kuziachia, Senge, Musimbi alipanda kilima. Anaanza kwa haraka kama amechelewa, halafu katikati anaionea aibu haraka yake, anapunguza. Mguu wa kushoto unakawia kidogo nyuma ya mwenzake. Mkono usioshika mtungi unajipangusa maji yaliyomwagika shingoni. Nilizipitisha karatasi zile hadi kidole kikachubuka. Wenzangu niliwaambia macho yanatoka machozi kwa sababu ya taa ya mezani.

Lakini bibi wa sinema ni mzee, na Musimbi alikufa hata mvi moja hana. Basi ilinibidi nimzeeshe. Nilimfupishia hatua. Nilimpindisha mgongo. Nilimwongezea miaka karatasi kwa karatasi, na sikufichi, nilifanya kazi hiyo polepole kuliko nilivyotakiwa, hata Kibiwott akanung'unika. Mimi na Musimbi tulizeeka pamoja hapo, juu ya ile meza ya kioo. Hatuna mahali pengine pa kuzeekea. Siku zile nilikuwa nikitoka kazini jioni najiona mtu mwenye mke.

Sikujua kwamba akizeeka atakuwa mama yake. Ningejuaje? Mama Jael sijamtazama hata siku moja. Ningekuwa nimemtazama ningeona ninakokwenda, ningemgeuza. Aibu yote hii imenipata kwa kushika adabu.

Mpelekee haya kama yanabebeka. Kama hayabebeki, nitajua nilijaribu, na Kageha nitamtumia nguo za shule huko huko.

Chrispinus


Mukumu,
20 Desemba 1964

Chrispinus mwanangu,

Krismasi njema, nakutakia mapema kwa sababu posta wakati huu wanafanya watakavyo. Paa limezibwa. Ng'ombe ameacha kumlilia mtoto wake. Mimi ni mzima, na leo nina mengi.

Barua yako nilikwenda nayo Bukura ndani ya nguo. Mara ya kwanza Jael hakunifungulia. Niliporudi tena alinifungulia, akanipa kiti, akasema, "Kaa, lakini usinisomee kitu. Barua inasemanga kile mwenyewe anataka." Nikaondoka nayo vile vile ilivyokuwa. Nililia barabarani, mwanamke mzima, mbele ya wanafunzi wa chuo waliokuwa wanapita na majembe.

Halafu ikafika siku ya Jamhuri. Gari la sinema lilikuja Bukura, wakatundika kitambaa kwenye uwanja wa chuo. Ngoma zilipigwa, wakubwa wakahutubu, na hata siku hiyo hawakuacha kuhutubu juu ya mbolea. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona Musimbi, sasa kwa vile najua ni yeye. Nilipotazama upande wa wanawake nilimwona Jael ameketi, leso mabegani, Kageha magotini pake. Bramwel alikuwa amesimama nyuma yao, akitafuta mtu atakayethubutu kucheka. Nikamsogelea Jael nikamwuliza amefuata nini tena.

"Ile siku niliona na hasira," akasema, "na mtu hawezi kuona vizuri na hasira. Kama nilichekwa, nataka nijue nilichekwa wapi."

Bibi akatokea. Hakuna aliyecheka. Akateremka, akainama, na wanawake wote wakatazama chini kwa ajili ya Jael, lakini Jael mwenyewe hakutazama chini. Akapanda kilima. Akafika mlangoni. Na pale mlangoni, mwanangu, kuna jambo hukuniandikia, sijui hata kama unalijua. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama, akageuka, akatazama alikotoka, kama mtu aliyesikia anaitwa. Halafu ndipo akaingia.

Jael akasimama wima. "Hiyo siyo mimi!" alisema kwa sauti, watu wote wakasikia. "Mimi sigeukangi! Mimi naingianga nyumba yangu mara moja!" Kisha akakaa kwa ghafla, akanishika mkono hadi ukauma. "Teresa, Musimbi huyo. Tangu mdogo haingiangi nyumba bila kutazama nyuma. Nilimchapa kwa hiyo tabia. Nilikuwa namwambia, unaacha nini huko nyuma?"

Kageha alikuwa anatutazama sote wawili. "Kukhu, ni nani?" akamwuliza bibi yake.

"Mama yako."

"Lakini huyo ni mzee."

"Ndiyo. Amezeeka."

Mtoto akafikiri. Unajua anavyofikiri, anauma mdomo wa chini. "Nani alimwona akiwa mzee?"

Sinema ilikuwa imekwisha, watu wanaanza kuinuka na kukung'uta nyasi. "Baba yako," akasema. "Baba yako peke yake."

Asubuhi yake aliniuliza kama ile barua bado ninayo. Nilimsomea jikoni kwake, na Bramwel alikuwa mlangoni anasikiliza, ingawa alijifanya anatengeneza bawaba. Jinsi Jael alivyolia sitakuandikia, hiyo ni yake. Ila alinirudisha mara nyingi pale unaposema ulitoka kazini ukiwa mtu mwenye mke.

Sasa sikiliza anavyosema. Kondoo ulete, na asiwe mdogo, kwa sababu mgongo ni mgongo na watu waliuona. Bramwel atampokea, amekubali. Jina la Kageha huko shuleni ameliondoa mwenyewe. Uje tarehe mbili Januari. Utasimama nje ya ua kama inavyotakiwa, nami nitakuletea mtoto na mzigo wake. Jael hatatoka, na wewe usitazame nyumba.

Lakini ameongeza neno ambalo sijapata kulisikia kwa mkwe yeyote, na nimeapa kulifikisha lilivyo. Anasema siku hiyo atakuwa nyuma ya dirisha, na ukishamshika Kageha mkono usikimbilie gari. "Miaka hii yote mimi najuanga kofia yake tu, ikipotea kwa mahindi," anasema. "Mwambie atembee polepole mpaka barabarani. Na mimi nataka kumtazama."

Senge wako,
Teresa